Akaunti ya hundi niliyoacha kuitumia imekatwa zaidi ya shilingi elfu kumi: nipinge vipi?

Mkaazi_Nakuru

Salamu kwenu nyote. Naomba ushauri kuhusu makato yaliyofanywa na benki yangu ya zamani, na ningependa hasa kuwasikia wale waliowahi kufanya kazi ya benki au waliofuatilia jambo la aina hii hadi mwisho wake.

Mwaka 2016 nilipoajiriwa na kampuni moja katika Eneo la Viwandani jijini Nairobi, mwajiri alitupeleka sote kwa benki moja ili tufunguliwe akaunti za kupokelea mshahara. Tuliambiwa kwamba akaunti hizo hazina ada ya mwezi, na kwa kweli muda wote niliokuwa kazini sikuona makato mengine isipokuwa yale ya kutoa pesa kwenye mashine. Mshahara wangu wa mwisho uliingia Februari 2022. Baadaye nilihamia Nakuru, nikafungua akaunti kwingine, na ile ya zamani ikabaki na salio la shilingi 1,140.

Mapema Machi 2025 mwajiri huyo alinilipa malimbikizo ya likizo ambayo tulikuwa tukimdai, akatumia nambari ya akaunti iliyokuwa katika faili yangu. Ziliingia shilingi 21,500. Nilipotazama salio kesho yake nilikuta shilingi 10,760. Nilikwenda tawini nikachapishiwa taarifa ya akaunti, na humo kila mwezi una mistari miwili: ada ya kutunza akaunti 300.00, kisha chini yake ushuru wa bidhaa 60.00, kuanzia Juni 2022 hadi Februari 2025. Miezi mitatu ya mwanzo ilikula lile salio la zamani likabaki shilingi sitini, na zilizofuata zikawa zinalimbikizwa mpaka pesa zilipoingia, zikakatwa zote kwa mkupuo.

Afisa wa huduma kwa wateja alinieleza kwa upole kwamba akaunti yangu iligeuka kuwa akaunti ya hundi ya kawaida, na kwamba ni mfumo unaokata, si mtu. Sikuletewa barua wala ujumbe mfupi kuhusu mabadiliko hayo, ingawa nambari yangu ya simu haijabadilika na benki hiyohiyo imekuwa ikinitumia heri za sikukuu na matangazo ya mikopo. Je, inaruhusiwa kutoza ada akaunti ambayo mwenyewe haitumii? Na kama nitapinga, nianzie wapi?

Karani_Mstaafu

Ndugu yangu, pole. Nimekaa nyuma ya kaunta ya benki miaka mingi kabla sijastaafu, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kuiacha hoja ya kwamba hukuitumia akaunti. Hoja hiyo inasikika kuwa ya haki, lakini mezani kwa meneja haina nguvu, kwa sababu ada ya kutunza akaunti hutozwa kwa akaunti kuwapo, iwe inatembea au imesimama. Ukiandika barua ya kurasa mbili ukisisitiza kwamba hukuigusa akaunti, utajibiwa kwa aya moja kwamba ungeifunga.

Sasa zitazame tarehe zako. Mshahara wa mwisho ni Februari 2022 na ada ya kwanza ni Juni 2022. Kati yake kuna Machi, Aprili na Mei, yaani miezi mitatu kamili bila mshahara, na sidhani kwamba ni sadfa. Mikataba ya akaunti za mshahara kwa kawaida huwa na sharti kwamba mshahara usipoingia kwa muda fulani, nafuu ya ada huondoka na akaunti huhamishiwa daraja la kawaida. Mfumo huhesabu wenyewe, na ni kweli kwamba hakuna mtu anayekaa kuamua. Kwa hiyo waulize mambo mawili kwa maandishi: sharti hilo limeandikwa wapi katika hati uliyotia saini, na ulijulishwa siku gani kwamba limeanza kukuhusu.

Kisha kuna hesabu ya ushuru, na hiyo usihangaike kuipinga. Unasema ushuru wa bidhaa ni shilingi 60 tangu mwanzo hadi mwisho. Shilingi 60 juu ya 300 ni asilimia 20, nacho ndicho kilichokuwa kiwango cha ushuru wa ada za benki mwaka 2022. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha hadi asilimia 15, kuanzia tarehe 1 Julai 2023, ushuru wa ada za kuhamisha pesa, lakini ada nyingine za benki, kama hiyo ya kutunza akaunti, zilibaki kwenye asilimia 20, hivyo mstari wa pili haukukosea.  

   

Muuza_Mitumba

Nitasema lisilopendwa. Benki si shirika la hisani. Ulitia saini, ukaondoka, hukuifunga akaunti, na sasa unashangaa kwamba mwenye nyumba amedai kodi ya chumba ulichofungia vitu vyako. Mimi ninaendesha akaunti ya hundi ya biashara na ninalipa ada kila mwezi, hata miezi ambayo soko limelala. Nikubaliane na Karani kuhusu kudai hati, hiyo ni haki yako. Lakini zile mia tatu za kila mwezi ni ada ya kawaida iliyobandikwa ukutani kwa kila tawi, na sioni utakavyozirudisha.

Msomaji_Thika

Mbona tunazunguka? Sheria ya Benki, kifungu cha 16A, inakataza benki kutoza ada ya aina yoyote. Mwandikie meneja, umtajie kifungu hicho, arudishe pesa zote.

Wakili_Kisumu

Ningependa kumsahihisha Msomaji_Thika kabla mlalamishi hajaandika barua itakayomwaibisha. Kifungu cha 16A kipo na kina nguvu, lakini kinahusu akaunti ya akiba, amana ya siku saba na amana ya muda maalumu. Akaunti ya hundi haimo. Kwa hiyo swali la kwanza la kisheria ni la aina ya akaunti: itazame sehemu ya juu ya taarifa yako, palipo na jina na nambari, uone inaitwaje, kisha ulinganishe na fomu uliyojaza 2016. Ikiwa ilifunguliwa kama akaunti ya akiba na benki ikaigeuza kuwa ya hundi bila ridhaa yako, una kesi nzuri sana. Ikiwa ilikuwa ya hundi tangu mwanzo, kifungu hicho kiache kabisa.

Wengine hukimbilia kifungu cha 44, kinachozuia benki kuongeza viwango vya ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Kina faida yake, kwa maana unaweza kudai uonyeshwe kwamba ada ya shilingi 300 ndiyo iliyokuwa imeidhinishwa Juni 2022. Hata hivyo, kwako ada yenyewe haikupanda. Uliondolewa nafuu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Vivyo hivyo kifungu cha 44A, ambacho najua mtu atakitaja: hicho kinaweka ukomo wa kiasi ambacho benki inaweza kudai kwa mkopo usiolipika, na kukivuta hadi kwenye ada ya akaunti ni kujitafutia mabishano yasiyo ya lazima.

Sheria ambayo ningeitegemea haimo katika Sheria ya Benki hata kidogo. Ni Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 56, kinachosema kwamba mtoaji wa huduma, na benki zimetajwa humo, hatatoza kwa uamuzi wa upande mmoja ada ambazo mtumiaji hakufahamishwa kabla hazijaanza kutozwa au kabla huduma haijatolewa. Kifungu hichohicho kinampa mtumiaji haki ya kuelezwa ada zote, ziitwe kwa jina lolote. Ongeza Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na huduma. Hapo ndipo ninapotofautiana na Muuza_Mitumba. Orodha iliyobandikwa ukutani inamfahamisha mwenye akaunti ya hundi ya kawaida. Haimfahamishi mtu aliyeambiwa kwamba akaunti yake haina ada na ambaye hajui kwamba imebadilishwa daraja, tena akiwa Nakuru na ukuta wenyewe ukiwa Nairobi.

Barua iwe fupi. Ningeandika hivi: "Ninapinga makato ya shilingi 10,800 yaliyofanywa Machi 2025, pamoja na shilingi 1,080 zilizokatwa kati ya Juni na Agosti 2022. Naomba mnipe nakala ya hati niliyotia saini yenye sharti mnalolitegemea, na nakala ya taarifa mliyonitumia kuhusu mabadiliko ya akaunti pamoja na tarehe na anwani au nambari iliyotumwa. Mkishindwa kuonyesha kwamba nilijulishwa, ninadai nirejeshewe fedha zote." Itie saini, ipeleke tawini ukiwa na nakala mbili, na yako ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Malalamiko ya mdomo au ya simu hayaachi alama.

Wasikwambie kwamba kumbukumbu za 2016 zimepotea. Ikiwa akaunti bado iko wazi, sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawataka wahifadhi kumbukumbu za mteja na za miamala kwa muda usiopungua miaka saba, na muda huo kwako haujaanza hata kuhesabiwa kwa hati za kufungulia akaunti.

Wasipokujibu au wakakataa, peleka nakala za kila kitu kwa Benki Kuu ya Kenya, iliyoko barabara ya Haile Selassie, Nairobi, ambayo mwongozo wake wa kuwalinda wateja umekuwa ukitumika tangu 2013. Fahamu tu kwamba Benki Kuu ni msimamizi, si hakimu: itaiuliza benki na kuisukuma ijibu, lakini haitakuandikia hundi ya fidia. Kenya haina msuluhishi rasmi wa migogoro ya kifedha kama walivyo navyo Waingereza. Mswada wa 2018 ulipendekeza ofisi ya namna hiyo na haukupita. Kinachobaki ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku sitini. Ninasema haya nikijua ninajinyima wateja.

Mkaazi_Nakuru

Nawashukuru sana. Nimepekua makaratasi na kupata majibu ya baadhi ya maswali yenu. Sehemu ya juu ya taarifa inasema ni akaunti ya hundi ya mtu binafsi, kwa hiyo kifungu cha 16A nimekiacha. Barua ya 2016 tuliyopewa kupitia kwa mwajiri inasema waziwazi kwamba ni akaunti ya mshahara isiyotozwa ada ya mwezi. Haitaji sharti lolote la miezi mitatu, isipokuwa mstari mmoja wa mwisho unaosema kwamba akaunti itaendeshwa kwa masharti ya jumla ya benki, ambayo sikupewa nakala yake.

Barua nimeipeleka na mhuri ninao. Meneja aliposoma sehemu ya taarifa ya mabadiliko alinyamaza kidogo, kisha akasema ataipeleka makao makuu. Wakati huohuo afisa mwingine alinishauri nifunge akaunti siku hiyohiyo ili ada isiendelee, akaniletea fomu. Sijaijaza bado. Pia ninaogopa jambo lingine: deni hilo lililimbikizwa zaidi ya miaka miwili, nami ninapanga kuomba mkopo wa Sacco. Je, yawezekana nimepelekwa CRB, yaani kampuni zinazoweka kumbukumbu za wadaiwa, bila kujua?

Karani_Mstaafu

Jibu liko katika safu ya mwisho ya taarifa yako, ile ya salio. Kuna namna mbili ambazo mfumo wa benki hushughulikia ada inapokuta akaunti haina kitu. Namna ya kwanza ni kuikata hivyohivyo, salio likaenda chini ya sufuri na kuandikwa kwa alama ya kutoa. Hapo benki imekugeuza mdaiwa, kana kwamba ulichukua ovadrafti ambayo hukuiomba. Namna ya pili ni kuacha salio lilipo na kuziweka ada pembeni zikingoja pesa ziingie. Ikiwa kati ya Septemba 2022 na Machi 2025 safu hiyo inaonyesha shilingi 60 zilezile, ada zilikuwa zikingoja na uwezekano wa CRB ni mdogo. Ikiwa inaonyesha alama ya kutoa inayokua kila mwezi, basi usikae.

Tangu kanuni za Aprili 2020, deni la chini ya shilingi 1,000 halipelekwi CRB kama taarifa mbaya, lakini lako lingevuka kiwango hicho mwishoni mwa mwaka 2022. Una haki ya kupata ripoti yako mara moja kwa mwaka bila malipo. Omba kwa kampuni zote tatu zenye leseni, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, kwa sababu lililo kwa moja huenda halimo kwa nyingine. Ukikuta umeorodheshwa, lipinge kwa benki na kwa kampuni yenyewe kwa wakati mmoja, ukiambatisha barua yenye mhuri. Pia deni lenyewe limekwisha kulipwa, hata kama ni kwa nguvu, kwa hiyo rekodi isisome kwamba bado unadaiwa.

Niongeze jambo ambalo limenisumbua tangu nikiwa kazini. Akaunti isiyo na muamala wa mteja kwa muda huwekwa alama kwamba imelala, na ukienda kutoa pesa unaambiwa ulete kitambulisho na ujaze fomu ya kuiamsha. Kwako wewe imelala; kwa ada iko macho. Sheria ya 2011 inataka amana iliyoachwa miaka mitano bila mwenyewe kuonekana ikabidhiwe UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza mali za kifedha zisizodaiwa, ambako mwenyewe au warithi wake wanaweza kuidai. Shilingi 1,140 zako zisingefika huko kamwe, kwa kuwa kufikia Agosti 2022 zilikuwa zimebaki sitini. Nadhani kuna pesa nyingi ndogondogo za Wakenya zilizokwisha namna hiyo kabla ya mwaka wa tano.

Muuza_Mitumba

Nimesoma maelezo ya Wakili na ninakubali kwamba barua ya 2016 inabadilisha mambo. Kama karatasi yao wenyewe inasema hakuna ada, ni juu yao kuonyesha karatasi nyingine inayosema ipo. Bado ninasema, watu wafunge akaunti wanapobadilisha kazi.

Bi_Likoni

Kaka, kuhusu hiyo fomu ya kufunga, naomba uisome hadi maandishi madogo ya chini. Mimi nilikuwa na mgogoro unaofanana na wako na benki moja hapa Mombasa, na katika fomu yao kulikuwa na sentensi inayosema kwamba mteja anathibitisha kuwa hana dai lolote dhidi ya benki. Nilikata sentensi hiyo kwa kalamu, nikaandika pembeni "akaunti ifungwe bila kuathiri malalamiko yangu", nikaweka tarehe na saini, na keshia akapiga mhuri juu yake. Kama hawakubali kalamu, toa pesa zako zilizobaki, kisha uandike barua ya kawaida ya kuomba akaunti ifungwe na ada isimamishwe kuanzia siku hiyo, huku malalamiko yakiendelea. Benki ikikudai ada ya kufunga, iongeze kwenye madai. Mwishowe udai barua inayothibitisha kwamba akaunti imefungwa, salio ni sufuri na hudaiwi, kwa sababu nimeona akaunti iliyodhaniwa kufungwa ikiendelea kuzaa ada.

Jambo la pili ni kuhusu jibu la makao makuu. Kwangu lilichelewa, na baada ya kunakili barua yangu kwa Benki Kuu ndipo nilipopigiwa simu na bibi mmoja mwenye adabu sana, akasema benki imeamua kunirudishia nusu kwa hisani. Nilimwomba aniletee maandishi. Barua ilipofika ilisema nikipokea kiasi hicho nitakuwa nimekubali kwamba ni malipo kamili na ya mwisho. Nilirudisha bila saini nikiwauliza swali lile moja ambalo walikuwa hawajalijibu, kwamba taarifa ya ada nilitumiwa lini na kwa njia gani. Nusu ya pili ililipwa pamoja na ya kwanza, bila maelezo. Kwa hiyo kabla hujaweka saini popote, hakikisha wamekuonyesha taarifa hiyo au wamekiri kwa maandishi kwamba haipo.